Kijana Aliyeniangukia kwa Adabu

Jumamosi, jioni. Joto la kukera. Mvua imenguruma upande wa mto Lualaba tangu adhuhuri, imetutisha sote tukaanua nguo, halafu imeenda kunyeshea watu wengine.

Nina kinyaa leo. Nakiandika kwanza, kabla ya mengine yote, labda kitapungua. Sikula kitu kibaya. Ni kile kinyaa kinachokaa hapa kooni, ukikisukuma kwa chai kinashuka kidogo kisha kinapanda tena. Nimenawa mikono kwa sabuni ya mawese, nimenawa tena kwa majivu na ndimu, na bado inanuka depo.

Kwa wewe uliyeingia humu mara ya kwanza (mwanangu aliye Kindu, aliyenifungulia ukurasa huu, anasema kuna watu wanaosoma, mimi siwaoni): naitwa Mama Feza, fundi wa nguo hapa Kasongo. Nilizaliwa upande wa Kabambare, karibu na Lusangi, nikaletwa hapa kwa ndoa. Baba Feza alishatangulia. Nimepita hamsini, nina sukari, nina tension, yaani presha, na tangu mavuno ya mpunga yaliyopita nafanya judo.

Ndiyo, judo. Cheka umalize.

Sikuitaka. Daktari alinipima mkono akakunja uso, akasema mama, unakaa kwenye cherehani kutwa nzima, fanya sport, hata kutembea tu. Basi nikatembea. Jioni ya kwanza nikashika barabara ya Nyangwe, mikono mitupu, kichwani bila kitu. Sikufika mbali. Mwanamke wa kwanza kukutana nami alitua kapu lake akajishika mdomo.

"Mama Feza! Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Natembea tu."

"Unatembea tu namna gani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu mwanamke mtu mzima hatembei tu. Anakwenda shamba, au sokoni, au mtoni, au kanisani, na kichwani pana kitu. Ukimwona anakaza mwendo na kichwa kitupu, huo ni msiba. Akirudi njia ile ile bado hana kitu, huo ni wazimu. Nilipofika nyumbani nikakuta majirani wameshatandika mkeka uani wanamliwaza binti yangu Feza, na mmoja wao, ambaye simtaji kwa sababu ni mteja wangu, alikuwa ameshaanza kulia. Alikuwa analia vizuri kabisa, na kamasi, kwa kifo ambacho hajui ni cha nani. Ilibidi niwapikie chai. Nilichukia kutembea siku ile na sijarudia.

Wakati huo nilikuwa nashona kimono za vijana wa judo, kwa kitambaa kizito cha magunia ya unga. Mwalimu wao, Salumu, mtu mpole mwenye masikio yaliyokunjamana, alipokuja kuchukua mzigo alinisikia nikilalamika. Akaniambia nije kwao, kwao ni ndani, hakuna wa kuniuliza nani amekufa. Nilimcheka. Nikamwambia mimi kutupa watu siwezi.

"Kutupa watu tutaona nyuma, Mama," akasema. "Kwanza tunakufunza kuanguka."

Neno hilo lilinishika. Dada yangu mkubwa alianguka mtoni kule Lusangi, akiteka maji, mahali alipopakanyaga tangu utoto wake. Nyonga ikavunjika. Hakuinuka tena. Alilala hadi mgongo ukaanza kuoza, na mimi ndiye nilikuwa namgeuza, nikiziba pua kwa bega langu ili asione. Tangu hapo naogopa kuanguka kuliko ninavyoogopa kufa. Njia ya matope ikiniteleza kidogo tu, namwona dada.

Basi nikaenda. Na sitasema uongo humu: depo inatia kinyaa. Ni lile ghala la zamani la pamba, lenye mabati yaliyotoboka. Juu wamejaa popo. Kabla ya mazoezi tunafagia mavi yao, na wao wanaendelea kutuletea mengine. Chini tumepanga magunia yenye pumba za mpunga, na juu yake turubai moja kubwa, ndiyo godoro letu la kuangukia. Mvua ikivuja, pumba zinachacha ndani kwa ndani, na ukianguka vizuri harufu ile inapanda yote puani kama pombe iliyosahauliwa mtungini. Vijana hawanawi miguu. Niliwahi kuinuka pale na ukucha wa mtu umenigandia shavuni. Kuna mmoja anapenga kamasi kwenye mkono wa kimono yake, halafu anakunyooshea mkono ule ule uushike.

Na mwili wangu nao sijauacha nje ya hesabu hiyo. Siku ya kwanza nilipofunga ule mkanda mweupe, tumbo likagawanyika, nusu juu nusu chini, na nikaona wasichana wanauma midomo.

Lakini nilikaa. Nilijifunza kukunja kidevu, kuviringika, kupiga turubai kwa mkono kabla mgongo haujafika. Sukari ikashuka. Viatu vikaanza kunipwaya. Nilikuwa napanda kilima cha misheni na kapu la nguo bila kusimama njiani, nikijifanya sioni watu wanavyoniangalia.

Tatizo lilikuwa mtu wa kushikana naye. Wasichana ni wembamba, nikiwaangukia nitawaua. Wanaume walikuwa wanatazama miguu yao. Nani atamkamata kola mama wa watu wazima, aliyemshonea nguo za komunyo? Tukasimama pale kama watu wanaosubiri mtu wa kufungua sala. Ndipo kijana mmoja akajitokeza, akamwambia mwalimu.

"Maître, mie nitashika Mama."

Huyo ndiye Yuma. Ni mtu wa Nyangwe, watu wake ni wavuvi, yeye anaendesha pikipiki ya kubeba abiria hapa Kasongo. Kola yake inanuka petroli na samaki wa moshi. Mrefu, mabega mapana, kinywa kizito. Nilimwombea Mungu ambariki.

Na nikawa namtupa! Miezi ile yote, kila Jumatatu na kila Jumamosi, mimi Mama Feza nilikuwa naingiza nyonga, navuta mkono, na lile jitu linaruka juu ya mgongo wangu, linaanguka, paa! mkono unalia kwenye turubai, miguu pamoja, kichwa kimekunjwa, safi, kama kwenye picha. Nilijiona. Niliwaambia waimbaji wenzangu wa kwaya. Niliwaambia wateja nikiwapima kiuno. Nilimsimulia hata paroko, maskini, akaniambia niendelee hivyo hivyo. Feza alikuwa anakuja jioni kunipokea, na chupa ya chai isiyo na sukari, na alikuwa anasimama mlangoni akitabasamu. Nilidhani ananitabasamia mimi.

Siku moja tu ndiyo iliharibika. Ilikuwa mvua kubwa, mabati yanapiga kelele hata mwalimu hasikiki, turubai limelowa. Niliteleza wakati naingia, nikajua naanguka, nikaona mto wa Lusangi, na kwa woga wangu nikavuta kola ya Yuma kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu. Akanipita juu, kichwa mbele, mkono mmoja huku mguu mwingine kule, akadondoka kama gunia la mihogo. Hakupiga turubai. Alijing'ata ulimi. Alikaa pale ametoa macho, kisha akatema damu na mate mbele yangu, na ule ute mwekundu ukatambaa kwenye maji ya mvua hadi kwenye kidole changu cha mguu. Niliufuta kwa kitenge changu, na kile kitenge sijakivaa tena.

Bega la kimono yake lilikuwa limeachana mshono wote, kutoka shingoni hadi mkononi, mshono wangu mwenyewe, wa nyuzi mbili. Nilienda nayo nyumbani kuishona. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, sokoni hakuna, nikashona kwa uzi mweusi. Kazi mbaya. Kila Jumamosi nilikuwa nauona ule uzi mweusi begani kwake kama kovu, nikaona aibu mara mbili, kama mwanajudo na kama fundi. Nilimwomba msamaha hata akachoka.

Sasa nifike Jumatano ya wiki hii, maana ndipo kinyaa kilipoanzia.

Jumatano amekuja shemeji, ndugu wa marehemu. Shemeji ni mtu anayekuja kukiwa na habari ya kula. Amekaa kwenye kiti cha Baba Feza bila kuambiwa akae, amekula ugali na pondu ya majani ya mihogo, amemaliza, akachomoa kijiti kwenye ufagio wangu, ufagio wa uani, akaanza kuchokonoa meno nao. Alitoa kitu, akakitazama, akakirudisha mdomoni. Halafu ndipo akasema kuna familia imemtuma. Jumapili wanaleta jembe la posa, wanamtaka Feza. Watu wa Nyangwe, watu wazuri, mbuzi wanao. Kijana anaitwa Yuma.

Nilidhani ni Yuma mwingine. Wapo wengi.

"Na hii mambo yako ya kuvaa suruali na kukamatana na vijana, Mama Feza," akaendelea, kijiti bado mdomoni, "iishe. Mama mukwe hawezi."

Nieleze, kwa sababu mwanangu anasema wanaosoma si wa kwetu wote. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Hawali chombo kimoja. Hawakai mkeka mmoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini, anatazama pembeni mpaka mwenzake apite. Vijana wa mjini wanaicheka desturi hiyo, lakini hao hao wakishaoa unawaona wanaingia majanini na pikipiki zao. Tena haianzi siku ya harusi. Inaanza pale mama anapolipokea jembe la kwanza mikononi mwake. Kabla ya hapo kijana ni mtu tu. Baada ya hapo ni mkwe, hadi kaburini.

Na mimi mkwe wangu nimemlalia kifuani. Jasho lake limenidondokea mdomoni. Ameniona tumbo likimwagika. Nilipokuwa nawaza hayo mbele ya shemeji, nilisukuma sahani yangu ya ugali pembeni.

Lakini hicho kinyaa kilikuwa kidogo. Kikubwa alinipa Feza mwenyewe, jioni ile, tukiosha vyombo. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akacheka, ameinamia sufuria, mtoto wa watu amejaa furaha hata hajui anachosema.

"Mama, si ulijua? Tangu mwanzo alikuwa anajiangusha tu, juu ya weye ufurahi."

Sufuria ilibaki mkononi mwangu.

Anajiangusha tu.

Kwa hiyo ile picha yote ilikuwa ya kuchorwa. Kila nilipoingiza nyonga yeye alikuwa anaruka mwenyewe. Na mwalimu Salumu alijua, maana mwalimu hawezi kutojua. Na wasichana walijua, ndiyo maana walikuwa wanauma midomo hata baada ya tumbo langu kupungua. Na mimi nikaenda kumsimulia paroko! Nilijisikia kama mtu aliyekula kitu kitamu gizani, kisha taa ikawashwa akaona alichokuwa anakula.

Sikutoka nje Alhamisi. Nimeshona vibaya Ijumaa, nimefumua, nimeshona tena vibaya. Nikimwona mtu mwenye pikipiki natema mate.

Tena si fahari yangu tu, ingawa fahari nayo inauma. Nimekuwa nawaza jambo lingine, na hilo ndilo lililonikaa kooni. Kijana huyu alitaka mtoto wangu, akatazama, akaona njia inapita kwa mama. Akaja akajilaza chini ya miguu yangu miezi na miezi, akitabasamu. Hakukosea hata kidogo. Hakuchoka. Mtu anayeweza kudanganya kwa mwili mzima namna hiyo, kwa uzuri ule, siku atakapomdanganya Feza nani atatambua? Mimi niliyekuwa nimemshika kola kwa mikono miwili sikutambua.

Waongo wa mdomo nawajua, shemeji ni mmoja wao, unawaona wakija kutoka mbali. Huyu alikuwa ananidanganya kwa magoti.

Kwa hiyo tangu jana nilikuwa nimeamua. Jumamosi, yaani leo, jembe halijafika. Leo Yuma bado ni mtu tu, naweza kumshika bila kuvunja kitu chochote. Nitamshika mara ya mwisho na kumtaka asinidanganye. Akiniangukia tena, kesho wazee wake watarudi Nyangwe na jembe lao begani. Sikumwambia mtu. Feza hajui hata sasa. Alikuwa ananipigia pasi kitenge cha kesho wakati naondoka, akiimba.

Nimefika depo, popo wapo, harufu ipo. Yuma alikuwa amejibanza mlangoni, amevaa kimono lakini haingii. Aliponiona akageuza uso. Ameshaanza kunikwepa! Amekuwa akinigusa miezi yote ilipomfaa, leo ananigeuzia uso. Kile kinyaa kikapanda hadi machoni.

"Yuma. Ingia."

"Mama, sasa haifai."

"Jembe iko wapi? Mie sijaiona. Ingia."

Mwalimu Salumu akawapungia wengine wasogee. Wakatuachia katikati ya turubai. Tukainamiana. Nikamshika kola: petroli, samaki wa moshi. Nikamwambia polepole, wengine wasisikie, "Leo usiniheshimu. Shika kweli."

Nikaingiza nyonga. Nikavuta.

Akaanguka.

Paa! Mkono umelia, miguu pamoja, kichwa kimekunjwa. Safi kama siku zote. Wasichana wakapiga makofi. Na mimi nikasimama pale juu yake, mate yamenijaa mdomoni, nikasema moyoni, basi, imekwisha, mwanangu atalia lakini atanishukuru. Akilini nilimwona Feza na pasi yake. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule kijana aliyelala vizuri miguuni pangu.

Ningeondoka. Kilichonizuia ni kwamba alifungua macho akaniona uso, na tabasamu lake likakatika.

"Simama," nikamwambia. "Rudia. Mie si mutoto."

Alisimama taratibu. Alitazama mlangoni, alimtazama mwalimu, na mwalimu akawatazama popo.

"Mama, watu watacheka."

"Wacheke."

Nikamshika. Nikaingia. Nikavuta.

Hakuna.

Nikavuta tena, nikaingiza nyonga tena, nikasukuma kwa tumbo, kwa kifua, kwa miaka yangu yote. Ni kama kuvuta mlango wa kanisa uliofungwa kwa ndani. Jasho likaniingia machoni. Nikasikia mtu anacheka, kisha nikasikia anakanyagwa mguu anyamaze. Yuma amesimama, ameinamisha kichwa, uso wake umekunjamana kama mtu anayetolewa jino, lakini amesimama. Anajua anachofanya. Anajua namna mama wa mchumba wake anavyoaibishwa hapa, mbele ya watu, siku moja kabla ya jembe, na anajua mama huyo ana uwezo gani kesho. Na amesimama.

Nilichoka. Nikamwachia, nikashusha pumzi.

"Sasa weye," nikasema. "Unitupe."

"Mama..."

"Kweli."

Sikuona alivyoingia. Niliona bati, popo, mwanga kwenye matundu, halafu turubai likanipiga mgongoni na pumba zote zikanipumulia puani uchachu wao. Hewa ikanitoka. Nikalala pale nikisubiri maumivu, nikisubiri nyonga. Nikahesabu mwili wangu kipande kwa kipande, kwa woga, kama mtu anayeingia nyumbani baada ya wezi. Kidevu kilikuwa kimekunjwa. Mkono wangu ulikuwa umenyooka pembeni, unawaka moto, maana ulikuwa umepiga turubai wenyewe bila kuniuliza. Nikakaa. Nikasimama. Hakuna aliyenishika mkono.

Laiti dada yangu angeniona.

Yuma alikuwa amepiga magoti, ametoka jasho kuliko mimi. Nilimuuliza lile swali nililokuja nalo tangu Jumatano, ingawa nilikuwa najua jibu lake litanikera vyovyote.

"Katika zile zote, iko hata moja ya kweli?"

Alifikiri. Nilipenda kwamba alifikiri.

"Ile ya mvua," akasema. "Ile ulinipata, Mama. Zingine hapana."

Nikacheka kwa dharau. Bado ananiangukia, nikasema moyoni, sasa ananiangukia kwa maneno. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, kinyaa kimerudi mahali pake. Lakini alikuwa ameinama kufunga mkanda, na bega lake likawa mbele ya macho yangu. Uzi mweusi.

Mimi ni fundi. Mshono ule niliupiga mwenyewe, nyuzi mbili, kwenye kitambaa cha gunia. Mtu akijirusha mwenyewe hakuna kinachovutwa. Miezi yote ya kuanguka vizuri haikukata uzi hata mmoja kwenye kimono ile, na nilikuwa naikagua kila mazoezi kwa jicho la fundi. Siku moja tu ndiyo mshono uliachana, siku ile mbaya, aliyoanguka kichwa mbele bila kupiga turubai, akajing'ata ulimi, akatema ule uchafu kwenye kidole changu. Siku niliyoomba msamaha. Niliyoifuta kwa kitenge nisichokivaa tena.

Zile nzuri zote zilikuwa uongo. Ile yenye damu na mate ndiyo yangu.

Nilikunja mkanda wangu nikaondoka. Njiani nimepita nyumba ya yule jirani mliaji, kichwa kitupu, mikono mitupu, akanisalimu, hakuuliza nani amekufa. Nadhani ameshazoea.

Sasa giza linaingia. Feza amemaliza kupiga pasi, ameniwekea kitenge kwenye kiti, ananizunguka zunguka akitaka kujua kwa nini nimerudi kimya na kwa nini mkono wangu umevimba. Shemeji ametuma mtu kuuliza kama kuku ameshakamatwa. Hilo nalo linanikera, na kesho atakula hadi mafuta yamtiririke kwenye viwiko, na nitavumilia.

Kesho asubuhi baada ya misa watakuja. Nitakaa nyuma ya mlango na kitenge kichwani, kama mama yangu alivyokaa. Wazee wa Nyangwe watasema maneno yao marefu, kisha wataniletea jembe, nami nitanyoosha mikono miwili nilipokee. Nimeshaamua. Anajua kusimama, na nimeona ilivyomgharimu. Nitalipokea.

Kuanzia hapo tukikutana njiani mmoja wetu ataingia majanini. Hatanigusa tena, wala mimi sitamgusa, hata kwa kuanguka.

Na Jumatatu ni mazoezi. Nitashika kola ya nani?